Demani Imeingia: Uende Lamu au Wasini?

Jakaranda zikianza kumwaga maua ya zambarau juu ya paa za matatu hapa Nairobi, simu yangu haitulii. Mimi si wakala wa safari. Kosa langu ni kuzaliwa na mama wa pwani, basi ofisini na huku mtaani South B watu wameshakubaliana kwamba kila kisiwa nakijua kana kwamba nilikizaa mimi.

Mwaka huu aliyetangulia ni Baba Amani, jirani wa ghorofa ya pili. Shule zikifungwa atakuwa na siku nne. Ana watoto wawili, mke asiyejua kuogelea, na bajeti aliyoieleza kwa maneno matatu: "Ya kawaida tu." Diani ameichoka. Anataka kisiwa hasa, kile ambacho ukishuka kwenye boti husikii gari. Na kweli, visiwa viwili vya namna hiyo ndivyo vinavyotajwa zaidi hapa mjini: Lamu kule kaskazini na Wasini kule kusini, karibu na mpaka wa Tanzania. Sehemu zote mbili watu hutembea kwa miguu. Zote mbili zina mikoko, mashua na adhana. Ukitazama picha utadhani ni mahali pamoja.

Ndiyo maana mimi huwa siendi na picha. Naenda na upepo.

Wenzetu wa Ulaya wana majira ya kuchipua. Sisi hatuna, lakini pwani ina demani. Kusi huanza kuvuma kama Aprili pamoja na masika, na kuanzia hapo mpaka Agosti bahari huwa na hasira: mawimbi mazito, maji yenye vumbi la mchanga, wavuvi wengi hawatoki nje ya mwamba. Hata hoteli kadhaa za Lamu hufunga milango Mei na Juni. Halafu, taratibu, kusi hupoa. Kuanzia Septemba mpaka Novemba kunakuwa na upepo laini, joto halijawa la kuchoma, maji yanatakata. Hiyo ndiyo demani. Kaskazi likishika Desemba na Januari, jua linakuwa kali na bei zinapanda pamoja nalo.

Demani yenyewe ina mwanzo na mwisho, na hapo ndipo visiwa hivi vinapoachana. Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba ni ya Wasini. Nyangumi wenye nundu, ambao hupanda kutoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa, hupita pwani yetu kuanzia kama Julai, na wa mwisho wao bado huonekana wakati huo. Ikifika Novemba, vuli huwa imeanza, na pwani ya kusini hunyeshewa zaidi kuliko Lamu. Mtu wa Novemba namwelekeza kaskazini. Huko embe zimeanza kuingia sokoni, ngowe zile ndefu za manjano, na ndege wa ufukweni waliokimbia baridi ya Ulaya wameshafika. Utawaona sululu wakidonoa tope maji yakipwa, na midomo yao iliyopinda kama sindano ya kushonea magunia.

Kufika

Hapa hakuna mashindano marefu. Lamu kwa ndege ni saa moja na ushee kutoka Wilson. Unatua Manda, ng'ambo ya mji, unabeba begi mpaka gatini na kuvuka kwa boti. Kwa basi ni safari ya kukomaa: Mombasa au Malindi, Garsen, Witu, halafu Mokowe, na vizuizi vya polisi njiani vya kuonyesha kitambulisho. Lami ya Garsen mpaka Lamu ipo siku hizi, mgongo hauumii kama zamani, lakini kwa mtu wa siku nne basi litamla siku mbili nzima. Ndege ya watu wanne nayo si "ya kawaida tu."

Wasini unapanda treni Syokimau, unashuka Miritini, na tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe huna haja ya kusongamana na feri ya Likoni. Unakodi gari moja kwa moja mpaka pwani ya kusini, unapita Ukunda na Msambweni, unakata kushoto Kanana na kuteremka Shimoni. Ukiondoka na treni ya asubuhi, jua la jioni linakukuta kwenye boti. Wenye haraka hupanda ndege mpaka Ukunda na kumalizia kwa gari.

Pale Shimoni usivuke bila kuingia mapangoni. Mji umepewa jina na hayo mashimo, na wenyeji ndio wanaoyasimamia. Watakuonyesha pete za chuma zilizobaki ukutani na watakusimulia habari za watumwa waliofungiwa humo. Watoto hunyamaza wenyewe mle ndani bila kuambiwa.

Maji

Watu wa Nairobi huchukulia bahari kama bwawa la hoteli: ipo, unaingia. Bahari haipo saa zote. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita tatu. Kwenye nusu mwezi huwa ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na saa nne asubuhi yamekupwa kabisa. Maji mafu ni kinyume chake: asubuhi ya saa nne ndiyo yamejaa.

Hili nililijua kwa kichwa, mwili ukaja kujifunza baadaye. Tulikuwa Lamu, watu sita, mwezi mpevu umepita usiku uliotangulia. Tulipatana na nahodha mmoja mzee atupeleke Takwa, mji wa mawe uliohamwa karne nyingi zilizopita kwenye kisiwa cha Manda. Mahame yake yako katikati ya mibuyu, na wazee wa Shela wamekuwa wakienda huko kuomba mvua. Njia ya kuingia ni mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko. Mzee alitaka tutoke alasiri. Sisi tukang'ang'ania asubuhi, maana jioni tulikuwa na mipango yetu. Na hata hiyo asubuhi tulichelewa kwa sababu ya mahamri.

Saa tatu tulikuwa ndani ya mikoko, kimya, mizizi imesimama majini kama miguu ya watu waliokunja suruali. Pale ubavuni mwa mashua niliona kitu kinachonivuta macho: mstari wa matope mabichi kwenye mizizi, juu ya maji kwa shubiri moja. Baada ya muda mfupi ukawa mkono mzima. Kisha mashua ikagusa. Mzee alichomeka upondo, ukazama mpaka nusu, akauchomoa taratibu na kuketi.

"Si tusukume, mzee?" nikauliza.

"Utasukuma tope, mwanangu? Maji yameshakwenda zake. Tungoje yarudi."

Tulingoja mpaka saa nane. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa walitoka matundu kwa matundu kututazama. Maji ya kunywa tuliyagawana kwa kifuniko cha chupa. Takwa hatukuiona siku ile. Mzee hakusema "niliwaambia," na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Basi ukiniuliza Lamu, nakuuliza mwezi uko wapi. Takwa inataka maji mengi. Chagua siku za bamvua, toka alasiri maji yakijaa, ingia, zunguka, na urudi kabla hayajakukimbia. Wasini ni kinyume kabisa. Huko unakwenda kutazama chini ya maji, na kwa kazi hiyo maji mafu ndiyo yenye heri: mkondo hauna nguvu, mchanga umetulia, na saa za asubuhi unapofika matumbaweni maji yamejaa.

Matumbawe yenyewe yako Kisite, hifadhi ya bahari iliyo kusini ya kisiwa, pamoja na visiwa vidogo vya Mpunguti. Kisite ni eneo la kilomita 28 za mraba ambalo hakuna ruhusa ya kuvua. Ndiyo sababu samaki wake hawana wasiwasi na mtu. Ukivaa miwani na mrija ukainamisha uso, wanapita mbele yako kikande, tafi na changu kana kwamba wewe ndiye umechelewa kwenye foleni yao. Kasa huonekana. Viti vya pweza, wale nyota wa bahari, wamelala chini wakiwa wekundu. Pomboo wapo mwaka mzima katika mlango ule wa bahari, na nahodha mwenye adabu huwa hawafukuzi, anapunguza mashini na kuwangoja. Ukiona wako anawakimbiza pamoja na boti nyingine nne, mwambie aache. Wewe ndiye umemlipa. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, kwa hiyo ilipe ukiwa bado na mtandao na uje na kitambulisho.

Asiyeogelea atapewa jaketi la kuelea na atashika kamba ya boti. Mama yangu mdogo, ambaye hata beseni analiogopa, alitazama samaki kwa namna hiyo kwa nusu saa na ikabidi tumvute kumtoa.

Lamu haina kitu cha kushindana na Kisite kwa hilo. Lakini ina ufukwe. Shela ni kama kilomita kumi na mbili za mchanga mtupu, na nyuma yake vilima vya mchanga vyenye kuhama na upepo. Vilima vile si mapambo: ndivyo vinavyonyonya mvua na kuhifadhi maji matamu ya visima vinavyonywesha mji. Ukitupa chupa yako pale, ni kama umeitupa kwenye tangi la mwenyeji wako. Sehemu ya kijijini maji ni tulivu kiasi. Ukisogea mbele panapotazamana na bahari kuu, wimbi ni zito na watoto wasiachwe peke yao.

Wasini, kwa upande wake, haina maji matamu ya kujivunia. Kisiwa ni mwamba wa matumbawe, na watu wamezoea kukinga mvua kwenye majabia. Ukikuta ndoo moja ya kuoga, ujue hiyo moja ina thamani. Kuna pia bustani ya matumbawe ya kale iliyo nchi kavu nyuma ya kijiji, miamba imesimama kama sanamu, na daraja la mbao limepita katikati yake. Kikundi cha akina mama wa kijijini ndicho kinachoitunza na kukusanya kiingilio. Siku za bamvua bahari huingia mpaka chini ya mbao zile. Huo ndio ubaya pekee wa kwenda Wasini kwa maji mafu: utatembea juu ya mahali pakavu na kuambiwa jinsi panavyokuwa.

Sahani

Chakula cha Lamu huliwa kwa kutembea, na cha Wasini huliwa kwa kuketi. Tofauti hii mtu hukosa kuambiwa, halafu anarudi Nairobi akilalamika.

Lamu siku huanza kwa mahamri na mbaazi za nazi. Katikati ya asubuhi kuna juisi ya embe au ya ukwaju. Mchana ni wali wa nazi na samaki wa kupaka, yule aliyechomwa kwa mkaa huku akipakwa tui na ukwaju mpaka ngozi ikashika rangi. Lakini mimi nangojea magharibi ipite. Ndipo majiko yanapowashwa barazani na kando ya bahari: mishkaki, viazi vya karai na chatne yake, pweza. Mkate wa mofa unatoka tanurini bado unachoma vidole. Unanunua kidogo hapa, unasogea, unanunua kidogo pale. Mwisho ni kahawa chungu kwa kikombe kisicho na mkono, na kipande cha halua ili uchungu upate mwenzake. Kaa nayo barazani, hakuna anayekuhimiza uondoke. Fungu la vikuba vya asumini likipita, harufu inashinda hata moshi wa nyama.

Wasini mlo ni mmoja, ni wa mchana, na ni wa kaa. Unatoka majini saa saba na njaa ya mtu aliyelima. Unaletewa kaa mzima aliyechemshwa, kipande cha ubao na kijiti kizito. Weka gando kwenye ubao, ubavu mnene ukitazama juu. Piga mara moja, si kwa hasira, ukilivunjavunja utakuwa unatafuna magamba. Likipasuka livute kwa vidole, nyama itoke nzima, ikamulie ndimu, ichovye kwenye mchuzi wa nazi. Mtoto wa miaka sita akishaonyeshwa hii kazi hamtaona uso wake tena kwa saa nzima. Baada ya kaa huja samaki wa kuchoma na wali, na mahali pengine mwani uliokaangwa. Usiusukume pembeni. Mwani ni zao huko: akina mama wa Kibuyuni, kijiji cha jirani upande wa bara, wameufanya shamba lao baharini.

Ila ukishakula huo mchana, jioni Wasini haina mji wa kukuita. Kuna chai, kuna mkate, kuna nyota. Wageni wengi hata hawalali, wanarudi Diani alasiri. Mimi nasema lala angalau usiku mmoja, kijijini au Mkwiro kule mwisho wa mashariki. Boti za wageni zikishaondoka, kisiwa hurudi kwa wenyewe na utasikia bahari ikipumua chini ya mwamba. Lakini kama wewe ni mtu wa kuuliza "sasa tunafanya nini?" kila baada ya magharibi, hutapendezwa, na utawachosha wenzako.

Lamu jioni ndipo inapoanza. Mji ule wa mawe na boriti za mikoko, uliotiwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, una vichochoro ambavyo watu wawili na punda hawawezi kupishana bila mmoja kujibana ukutani. Punda ndiye mwenye haki ya njia. Kuna bao linachezwa mbele ya ngome, kuna vijana wanatengeneza mashua kando ya maji, kuna safari ya dau machweo. Na kuna Kiamu, Kiswahili cha watu wa Lamu. Mpwa wangu, mtoto wa Buruburu, aliitwa na bibi mmoja mlangoni: "Ndoo, mwanangu, ndoo." Akatazama huku na huku akitafuta ndoo ampelekee. Kumbe anaambiwa njoo. Siku mbili baadaye yeye mwenyewe alikuwa anasema "ndia" badala ya njia, na mpaka leo akitaka kutuchekesha hurudia.

Vyumba sina mengi ya kusema. Lamu utapata kuanzia nyumba ya kulala wageni ya bei ya chini mjini mpaka majumba ya Shela ambayo bei yake huulizwa kwa sauti ndogo. Wasini ni vichache na vya kawaida, weka nafasi mapema. Kote kuwili ni vijiji vya Waislamu: kaptula na mabega wazi viishie ufukweni. Na mwenye kiu ya bia ajue kwamba Lamu mjini ataitafuta kwa tochi, Wasini kijijini asiitafute.

Kwa hiyo wapenzi wawili wenye siku tano au zaidi, mtu anayependa historia, mtu anayetaka kula kidogokidogo usiku kucha: Lamu, na afadhali Novemba. Kundi la vijana wanaotaka kurukaruka majini, familia yenye watoto, mtu mwenye siku tatu au nne na anayetazama mfuko: Wasini, na mapema iwezekanavyo kabla vuli haijachafua maji. Mtu wa siku mbili abaki Nairobi aende Karura, aache kuwatesa watoto kwa safari.

Baba Amani alikuwa na moyo wa Lamu na siku za Wasini. Nilimwambia hivyo hivyo, akanuna kidogo. Kisha nikafungua kalenda ya mwezi kwenye simu yake. Jumamosi yake ilikuwa ya nusu mwezi, maji mafu. Akakata tiketi nne za treni ya asubuhi palepale kwenye ngazi. Mama Amani, ambaye muda wote alikuwa ameegemea mlango akisikiliza, hakuuliza habari ya jaketi la kuelea wala ya kina cha maji.

"Hicho kijiti cha kaa," akasema, "wanakupa chako, au mnapokezana?"